Wapagazi wa Zamani na Shukrani Walizopewa

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuanza na neno dogo ambalo kila mmoja wetu hulitamka kabla ya jua kuchwa, nalo ni neno asante. Neno hili lilitufikia kutoka lugha ya Kiarabu, na huko asili yake mtu huambiwa ya kuwa amefanya vyema. Basi yule asemaye asante kwa maana ile ya kwanza anatoa ushuhuda. Ameitazama kazi ya mwenziwe, ameipima, naye asema ya kuwa ni njema. Asiyeitazama hana ushuhuda wa kutoa.

Nasi twajua jinsi ilivyo rahisi kutotazama. Yuko hamali wa bandarini, yuko mchota maji, yuko mtu atuleteaye barua, na yuko mama auzaye uji kando ya njia alfajiri. Twapokea, twalipa, twapita. Na jioni tukiulizwa jina la mtu yule ni nani, wengi wetu hatuna jibu. Jambo hili la jina si dogo. Historia ya nchi zetu yaonyesha ya kuwa shukrani, hata zile zitokazo katika moyo wa kweli, hupotea njiani zisipokuwa na jina la mtu wa kupelekewa. Ili tulione jambo hili vizuri, tumechagua habari za watu waliokuwa wakionekana kila siku na kila mahali katika Afrika ya Mashariki, na ambao walio wengi katika wao hawakutazamwa. Watu hao ni wapagazi.

Kijana aliyezaliwa katika siku za magari huenda asijue kazi ile ilivyokuwa. Kabla ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, na kabla ya reli ya Dar es Salaam kufika Kigoma mwaka 1914, hapakuwa na njia ya kupeleka bidhaa bara ila kichwani na begani kwa mtu. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o na kwa maradhi ya nyikani. Kwa hiyo kila jora la merikani, kila ushanga na kila waya wa shaba uliokwenda Unyanyembe na Ujiji, na kila pembe ya ndovu iliyoshuka Bagamoyo, ulipita juu ya mwili wa mwanadamu. Mzigo wa desturi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, na zaidi ya huo mtu alichukua mkeka wake, chungu chake, silaha yake na posho yake. Waliosifiwa kupita wote katika kazi hii walikuwa Wanyamwezi, ambao waliifanya tangu zamani kwa hiari yao na kuihesabu kuwa kazi ya kiume, hata watoto wao wakazoezwa kwa kuchukua vipembe vidogo.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wasafiri wengi walioandika vitabu juu ya safari zao za bara waliihakikisha methali hii bila ya kujua. Ukivisoma vitabu vyao utaona kurasa nyingi za manung'uniko: wapagazi wametoroka, wapagazi hawataki kuamka, wapagazi wataka nyama. Walakini bwana mwenyewe alikuwa akitembea na bunduki yake tu, na siku alizougua alichukuliwa machelani na watu wale wale aliowanung'unikia.

Mmoja ambaye jina lake halikupotea ni Sidi Mubarak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bombay. Huyu hakuwa mpagazi wa mzigo, alikuwa msimamizi na mkalimani, lakini alikula nao na kulala nao. Alikuwa Myao, akazaliwa kama mwaka 1820. Angali mtoto alishikwa utumwani, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, kisha Bara Hindi, akakaa huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru wake, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta karibu na Mto Pangani wakamwajiri. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, lugha ambayo wote wawili walijifunza Bara Hindi, nayo haikuwa ya mmoja wao. Walifika pamoja Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyanza mwaka 1858, wakasafiri tena mwaka 1860 hata 1863 mpaka mto Nile. Mwaka 1871 Bombay alikwenda na Stanley kumtafuta Daktari Livingstone, na tangu 1873 hata 1875 aliivuka Afrika yote pamoja na Cameron mpaka pwani ya magharibi. Ni watu wachache sana wa karne ile, wa rangi yoyote, walioikanyaga Afrika kama alivyoikanyaga yeye.

Je, alishukuriwa? Speke alimsifu katika maandishi yake, hata akaandika habari za maisha yake kama alivyozisimulia mwenyewe. Walakini Speke huyo huyo, siku moja huko Uganda, alishikwa na hasira akampiga ngumi ya mdomo, akamwachia pengo katika meno ya juu. Na Stanley alipomwajiri Bombay miaka kama kumi baadaye aliliona pengo lile akaliandika kitabuni. Sisi tukizisoma sifa za Speke twashindwa kulisahau. Mwaka 1876 chama cha jiografia cha London, Royal Geographical Society, kilimpa Bombay nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Haikuwa mali nyingi kwa mtu aliyetembea maelfu ya maili, lakini ilimfikia mkononi mwake angali hai, naye aliishi mpaka mwaka 1885. Ilimfikia kwa sababu jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika vitabu vya wasafiri, kimoja baada ya kingine, na watu wa London walijua ni nani wanayemshukuru.

Sasa tuje kwenye habari iliyo mashuhuri kuliko zote. Daktari Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwanzo wa mwezi wa Mei 1873. Kijana Majwara, aliyekuwa akilala mlangoni pa kibanda, alimwamsha Susi usiku akamwambia ya kuwa anaogopa, hajui kama Bwana ni mzima. Walikwenda wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, naye amekwisha kufa. Watu wale walikuwa mbali sana na pwani, wala hakuna mkubwa wa kuwaamrisha. Wangaliweza kumzika pale pale wakaenda zao, na hakuna mtu ambaye angaliwalaumu. Wao walikata shauri lingine. Moyo waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akachonga maandishi katika shina lake. Mwili waliukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti na turubali, wakajitwika kwenda Bagamoyo, safari ya zaidi ya maili 1,000.

Huko Unyanyembe walimkuta Cameron akielekea bara, naye akawashauri wauzike mwili hapo. Wakakataa. Mbele kidogo walipata habari ya kuwa wenyeji wa njiani hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafanya hila. Walifunga mabua yakafanana na maiti, wakawatuma wenzao kuyarudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuyazika Unyanyembe. Na mwili wenyewe wakaufunga upya mfano wa robota la nguo, wakapita nao mbele ya macho ya watu. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Tungetazamia kwamba walipokewa kwa ngoma. Haikuwa hivyo. Mwili ulikabidhiwa kwa ofisi ya balozi wa Waingereza wa Unguja, watu wakalipwa mishahara yao, wakaachwa waende zao. Mmoja tu katika wao, Jacob Wainwright, alisafiri na jeneza mpaka Uingereza, naye alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika mazishi ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma, waliokuwa na marehemu tangu miaka ya 1860, walifika baadaye, mazishi yamekwisha, tena kwa gharama ya rafiki mmoja wa marehemu. Lakini huko walikutana na mtu aliyejua kutazama. Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza daftari za Livingstone ziwe kitabu, aliketi nao akawauliza habari za kila siku na za kila mahali, na sura za mwisho za kitabu kile, kilichochapwa mwaka 1874, zimetoka vinywani mwao. Kwa maoni yetu, kule kuketishwa na kuulizwa kulikuwa na thamani kuliko nishani, maana kwa muda wa miezi ile mkubwa alikuwa mwanafunzi na wachukuzi walikuwa walimu.

Nishani nazo zilitengenezwa. Royal Geographical Society iliamuru zifanywe 60, zikachorwa maneno yenye maana ya kuwa mwenyewe alikuwa mwaminifu mpaka mwisho, na ukingoni mwa kila moja jina la mtu. Twawapa haki yao: hili la jina walilifikiri vyema. Walakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Wengine walikuwa wamerudi makwao, na wengine walikuwa wamekwisha kujitwika mizigo ya Stanley, ambaye aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874. Majina yalikuwapo, wenye majina hawakuwapo.

Yuko mtu mwingine katika msafara ule ambaye twapenda kumtaja, maana vitabu vingi humruka. Ni Halima, mpishi wa Livingstone. Mtu akitafakari atajua kazi yake ilikuwa nini: kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, watu wamechoka na unga ni haba, yeye ndiye aliyetafuta kuni kavu na maji na kutengeneza kitu ambacho mgonjwa wa tumbo aweza kukila. Livingstone aliliona jambo hili. Aliandika katika daftari yake ya kuwa Halima ni mwangalifu na mwerevu, haibi wala hamwachi mumewe aibe, tena kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani. Tazameni shukrani hizi zilivyo. Mwandishi hakusema tu kwamba watu wake ni wema. Alitaja jina, akataja kazi, akataja na malipo. Lakini aliziweka daftarini. Aliyeahidi hakufika Unguja akiwa hai, na Halima alikuwapo Chitambo siku alipokufa.

Wa mwisho kufariki katika wale waliochukua mwili alikuwa Matthew Wellington, Myao pia, aliyekaa Mombasa na kufanya kazi huko miaka mingi. Alikufa mwaka 1935. Uzeeni mwake watu walimwendea kumwuliza habari za Chitambo, na kitabu kidogo kikaandikwa juu yake angali hai kukiona. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882, na Susi huko huko mwaka 1891.

Stanley naye tumemtaja, na ingawa alikuwa mtu mkali, aliyepiga watu mijeledi, liko jambo moja la kuandikwa upande wake. Katika safari yake ya 1874 hata 1877 zaidi ya nusu ya watu wake hawakurudi. Alipowafikisha Unguja waliosalia aliketi kulipa mishahara. Na walipokwisha kulipwa walio hai, walikuja mama na ndugu na wajomba wa waliokufa, kila mmoja akithibitisha undugu wake, wakalipwa haki za marehemu wao. Yaliwezekana hayo kwa sababu kulikuwa na daftari ya majina.

Hata ikaja Vita Kuu ya kwanza, tangu 1914 hata 1918, na hapo upagazi ukageuka. Majeshi ya Waingereza, ya Wajerumani na ya Wabelgiji yaliingia katika nchi zisizo na barabara, nayo yakataka watu wa kuchukua chakula, risasi na majeruhi. Yule Mnyamwezi wa zamani alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo. Mpagazi wa vita mara nyingi alitolewa shambani mwake kwa amri, na hasa mwaka 1917 watu walikusanywa kwa wingi usiopata kuonekana. Upande wa Waingereza peke yake waliotumika wakakaribia 1,000,000. Walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi: kuhara damu, homa, kichomi. Wengi waliotoka katika nchi za ndizi au za mtama walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, nao hawakuwa na muda wala sufuria ya kuupika ukaiva, tumbo likakataa. Katika jeshi kubwa namna ile mtu alihesabiwa kwa namba.

Vita ilipokwisha, shukrani zilitolewa kwa maneno makubwa na kwa shaba. Sanamu zilisimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1920, na ile ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, wengi wenu mmeipita ikisimama katikati ya njia. Huko Nairobi, pamoja na askari, yumo mpagazi. Ni kazi nzuri ya fundi, wala hatuidharau. Walakini mama wa Ukamba au wa Usukuma aliyepotelewa na mwanawe hakuweza kuisogelea akasoma jina la mwanawe, maana hakuna jina lolote. Na mishahara mingi ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa haikujulikana vyema aliyekufa ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani.

Wananchi wenyewe waliwawekea ukumbusho bila ya kukusudia. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Dar es Salaam ni mahali palipokuwa na kambi yao baada ya Waingereza kuuchukua mji mwaka 1916. Nairobi nako liko jina hilo. Leo ni masoko, na watu wanaochukua magunia mgongoni katika soko la Kariakoo, wakipiga kelele wapishwe njia, wanafanya kazi ile ile iliyopapa mahali pale jina lake. Mnunuzi huwapisha akiwa amekasirika.

Mwezi wa Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita iitwayo Commonwealth War Graves Commission ilitoa taarifa juu ya jambo hili, ikaomba radhi. Taarifa ilisema ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita ile, hasa wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tazameni nafasi iliyoko kati ya hesabu hizo mbili. Watu zaidi ya 200,000 wamekaa katika neno "huenda". Tangu hapo imekuwapo kazi ya kutafuta majina katika daftari za zamani, na ni kazi ngumu, maana daftari nyingine hazikuwekwa, na katika nyingine mtu ameandikwa jina moja tu, Juma au Kamau au Mabruki.

Pamoja na hayo imeonekana ya kuwa kazi hiyo yaweza kufanyika. Jirani zetu wa Afrika ya Kusini walikuwa na watu wa namna hiyo, watu weusi waliotumika katika vita ile bila ya kupewa silaha, wakafa bila ya kaburi linalojulikana. Mwezi wa Januari 2025, katika bustani moja ya katikati ya mji wa Cape Town, ukumbusho wao ulizinduliwa. Hakuna sanamu. Kuna nguzo za mti mgumu wa Afrika, nguzo moja kwa mtu mmoja, na juu ya kila nguzo limeandikwa jina lake na tarehe aliyokufa. Ziko zaidi ya 1,700.